Mzaramo wa Igogo kwenye Mashindano ya Musoma

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai wala kushika spana, Salehe Kondo alikwenda kusimama mbele ya pazia la chumba cha mama yake, akasema, "Shikamoo, mama."

Kisha alisubiri. Alitazama kucha zake zilizokwisha kuwa nyeusi kwa grisi, akasikiliza. Ndani alisikia shanga za tasbihi zikigongana, na kitanda kikilia mama alipogeuka upande. Marahaba haikuja. Alipoona imetosha alivaa ovaroli lake, akatoka kwenda gereji. Alifanya hivyo tangu mwezi wa nne mpaka wa nane, mwaka wa sitini, na hakuruka hata siku moja.

Kisa kilikuwa sufuria la shaba. Bi Mwanabaraka alilibeba kutoka kwao Bagamoyo mwaka reli ilipofika Mwanza, alipomfuata mumewe Kondo, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja na genge la kutandika mataruma ya reli. Mumewe alifia hapa hapa, reli ikabaki, na sufuria likabaki. Hapakuwa na harusi wala matanga mtaani kwao Igogo ambayo pilau lake halikupikwa humo. Watu walikuja kuliazima hata kutoka Mabatini, wakalirudisha likiwa limesuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka linang'aa.

Siku moja Bi Mwanabaraka alikwenda kwenye maulidi. Aliporudi, alikuta sufuria lina tundu ubavuni, tundu la mraba lililokatwa vizuri kwa mkasi wa bati. Kipande kilikuwa kimekwisha kulehemiwa kwenye rejeta ya gari.

Hakupiga kelele. Alilitazama tundu, akamtazama mwanawe, akaingia ndani na kushusha pazia. Walipokuja watu kuliazima aliwaambia limepasuka kwa uzee. Chenge, mwenye gari, alipouliza shaba nzuri namna ile imetoka wapi, Salehe alisema kainunua kwa Muhindi mmoja sokoni. Basi ukweli ukabaki kwa watu watatu: mama, Salehe, na dada yake Sihaba. Na mama hakuwa akisema na Salehe.

Gari lenyewe lilikuwa la wazi, la Kiingereza, la mwaka wa ishirini na saba. Chenge alilipata kwa Mzungu mmoja wa migodi ya Geita aliyekuwa anarudi kwao. Kuku walikuwa wakitagia kwenye viti. Chenge alikuwa Msukuma wa Magu, mtu mnene mwenye malori mawili ya kubebea pamba, na alilitaka lile gari kwa sababu moja tu. Klabu moja ya Wazungu na Wahindi wa kandokando ya ziwa ilikuwa na mashindano yake kila mwaka, kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa, nje kidogo ya Musoma. Yalikuwa mashindano ya magari ya kizee, yaliyozaliwa kabla ya mwaka wa thelathini. Miaka yote Waafrika walikwenda huko kusukuma, kuchota maji na kubadilisha magurudumu. Mwaka ule, upepo wa madaraka ulipoanza kuvuma, klabu ilitoa barua kwamba Mwafrika mwenye gari aruhusiwe kulileta, pamoja na dereva wake.

"Mimi na tumbo hili siingii nyuma ya usukani," alisema Chenge, ambaye ulimi wake haukujua r. "Utaendesha wewe, Mzalamo. Gali umelifufua wewe, ulikimbize wewe."

Salehe alikuwa na miaka thelathini na minane. Kwa miaka ishirini alitengeneza magari ya watu akayajaribu kutoka gereji mpaka kona ya bandari na kurudi, polepole, mwenye gari akiwa amekaa pembeni anatazama saa. Neno lile la Chenge lilimwingia kama homa. Wiki ile ile ndipo alipolikata sufuria.

Walikwenda watatu. Wa tatu alikuwa Malimi, karani wa chama cha ushirika wa pamba, Msukuma naye, kijana mwembamba mwenye miwani na ulimi wa wembe. Na hapa inafaa kukumbuka jinsi Wasukuma na Wazaramo wanavyoishi. Ni watani, tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na kuku. Anaweza kulala ndani ya kaburi la baba yako akagoma kutoka mpaka umpe kitu. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Ijumaa alfajiri Salehe alisimama kwenye pazia. Mama alikuwa amelala wiki nzima, kifua kinambana.

"Shikamoo, mama. Tunakwenda."

Tasbihi haikusikika. Sihaba alimfuata mpaka mlangoni, mikono imejaa unga.

"Kaka, mama hali. Tangu juzi ni maji tu."

"Jumatatu nimerudi. Mpe uji."

"Uji ninao. Anachotaka si uji."

"Sasa mimi nifanye nini, Sihaba? Kila siku nasimama hapa kama mwombaji. Aniitikie basi."

Nje Chenge alikuwa akipiga honi.

Barabara ilikuwa kavu, vumbi limesimama ukuta. Mbele alikaa Salehe na Chenge. Malimi alikuwa nyuma, amekumbatia madebe ya petroli na kapu la mihogo, na tangu Kisesa mpaka Magu hakufunga mdomo.

"Mzaramo, ukimwona ng'ombe usiogope, ni mnyama tu. Kwenu mmezoea kuona nazi."

"Ng'ombe namjua," Salehe alijibu. "Nimepanda naye gari. Amekaa nyuma, amevaa miwani."

Chenge alicheka mpaka gari likayumba.

Magu walisimama kupoza rejeta. Malimi aliingia dukani kutafuta soda. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu, miwani ameivua.

"Mtani," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemkuta mtu katoka Mwanza kwa pikipiki. Anasema kwenu Igogo wameweka mabenchi nje. Mama yako katutoka saa moja asubuhi."

Salehe alikaa chini, pale pale mavumbini. Kisha aliinuka, akavua kofia, akaanza kutembea kurudi Mwanza, spana bado iko mkononi. Alitembea akilia kwa sauti, na watu wa Magu wakatoka madukani kumtazama. Nyuma yake alisikia gari linamfuata polepole, Malimi kwenye usukani, Chenge akipiga honi taratibu kama ngoma ya msiba. Walimwacha hivyo mpaka kwenye kinu cha pamba, karibu nusu maili. Ndipo Malimi aliposhindwa kujizuia.

"Jamani, Mzaramo analia kama kitoto cha mbuzi!"

"Tulipe!" Chenge alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Umelilia bule, utulipe jasho letu!"

Hivyo ndivyo ilivyo sheria ya utani, hata kwa kifo cha uongo. Salehe alifuta uso kwa kofia, akacheka. Alicheka mpaka taya zikauma, akawanunulia soda tatu, na watu wa Magu wakampigia makofi kwa kuwa mtani mwema.

Lakini kuna jambo alilolijua pale njiani, alipokuwa akilia, na ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa akilia vilio viwili. Kimoja kilikuwa cha mama. Kingine kilikuwa cha mashindano, kwamba sasa hataendesha. Na hakuweza kusema kipi kilikuwa kizito.

Jumamosi, kiwanja cha zamani cha ndege kilijaa mahema. Mzungu aliyekaa mezani aliandika jina la gari, akaandika jina la Chenge, akamtazama Salehe.

"Na huyu?"

"Deleva wangu," alisema Chenge.

Mzungu aliandika neno moja tu, dereva, akafunga daftari.

Siku ile ilikuwa ya kuchuja. Magari kumi na manne yalizunguka kwa makundi, matano yakatolewa. Salehe alibaki. Mara ya kwanza maishani mwake hakuna mtu aliyekaa pembeni yake na saa. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, upepo ukamfunua midomo, na kila alipokata kona alisikia gari linavyomtii, kila nati aliyoikaza kwa mkono wake. Jioni hakuweza kula. Chenge alimpigapiga mgongoni, akamwambia kila mtu aliyepita, "Huyu ni mtumwa wangu, mnamwona?"

Mbio za mwisho zilikuwa Jumapili, saa nane mchana.

Jumapili hiyo, kama saa nne asubuhi, Salehe alikuwa amelala chali chini ya gari, anakaza breki. Malimi alikuwa amekwenda mjini kutafuta petroli. Alirudi anakimbia, bila petroli.

"Salehe," alisema. Hakusema mtani.

"Naam, ng'ombe."

"Toka chini, nikwambie."

"Sema tu. Masikio hayako juu peke yake."

Malimi alichuchumaa. Waliokuwa wakisaidia pale, Wajita na Wasukuma, walianza kusogea, maana kisa cha Magu kilikuwa kimekwisha kutangulia kufika.

"Nimemkuta Kamugisha. Yule Mhaya anayeendesha lori la posta, unamjua. Aliondoka Mwanza jana, akalala Bunda. Dada yako alimkimbilia jana na khanga moja, analia. Mama yako yuko taabani, Salehe. Kamugisha anageuza saa sita leo leo. Kakuwekea nafasi mbele. Jioni uko Igogo."

Kicheko kililipuka. Chenge alishika tumbo. "Malimi, huna huluma! Jalibu kingine, hicho tumekwisha kukila!"

"Haki ya Mungu, sifanyi utani!"

Watu wakazidi kucheka. Mmoja akaanza kulia kwa kuigiza, akitembea na spana mkononi.

Malimi aliwapigia kelele wanyamaze. Hawakunyamaza. Basi aliinama mpaka shavu lake likagusa majani, akasema karibu na sikio la Salehe. "Sikiliza. Dada yako kampa Kamugisha neno moja akuletee. Mimi silielewi, nalileta kama lilivyo. Kasema hivi: mama anasema marahaba. Njoo uisikie mwenyewe."

Chini ya gari spana ilisimama.

Kutoka pale alipolala, Salehe aliona viatu vya Chenge, na miguu mitupu ya wale wasaidizi, na miwani ya Malimi imejaa vumbi. Hakuna kati yao aliyejua habari ya pazia. Hakuna aliyejua habari ya sufuria. Malimi hata angekesha mwezi mzima akitunga uongo, asingeweza kulitunga neno lile. Salehe alilijua hilo wazi, kama anavyojua sauti ya plagi iliyokufa. Alihesabu pia. Saa sita lori linaondoka. Saa nane bendera inashushwa.

Kisha alicheka. Alicheka kwa nguvu, ili wote wasikie.

"Leo hunipati, Msukuma! Soda zangu za Magu zimekulevya. Nenda kanunue petroli."

"Salehe, si utani."

"Ndivyo mlivyosema Magu."

Watu walianguka wakishikana. Malimi alisimama, akapangusa magoti, akabaki kumtazama mpaka wengine wakachoka kucheka wakaondoka.

Saa sita na dakika chache lori la posta lilipita barabarani. Kamugisha alipunguza mwendo, akapiga honi mara tatu. Salehe alikuwa anatia maji kwenye rejeta. Hakuinua kichwa. Aliendelea kutia mpaka yakafurika na kumlowesha viatu.

Saa nane bendera ilishushwa. Mizunguko kumi na miwili, magari tisa. Jua lilikuwa kali, na vumbi lilifanya gari la mbele lionekane kama kivuli. Mengine yalizimika, moja likapasua tairi likaingia kwenye majani. La Salehe halikusita. Kile kiraka cha shaba kilishika kana kwamba rejeta ilizaliwa nacho. Alipita wa tano, akapita wa nne, na kwenye kona ya mwisho akampita mkulima mmoja wa Kizungu ambaye alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyepitwa na kabati. Alimaliza wa tatu. Na katika ile saa nzima alikuwa na furaha. Haikuchanganyika na kitu, haikupungua mahali. Hakumkumbuka mtu yeyote duniani.

Kwenye kipaza sauti walisoma, wa tatu, gari la Bwana Chenge wa Mwanza. Makofi yalipigwa. Mpiga picha alikuja, akamwomba Chenge akae nyuma ya usukani. Chenge alijisukuma, akabanwa tumbo, akakaa. Mpiga picha alimwonyesha Salehe kwa kidole: yeye asimame mbele, ashike hendeli kama anayetaka kuliwasha. Picha ikapigwa.

"Tumeshinda, Mzalamo," alisema Chenge, kikombe kidogo cha bati mapajani.

Jumatatu walirudi. Walipokata kona ya kuingia Igogo, alasiri, Salehe aliona mabenchi nje ya nyumba yao. Chenge alizima gari. Hakuna aliyepiga honi.

Bi Mwanabaraka alifariki alfajiri ile, wakamzika saa nne. Sihaba alimsimulia kaka yake bila kulia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumaliza. Tangu Jumamosi mama alikuwa akisikiliza magari. Kila lililopita aliuliza kama ni lile. Jumapili, saa moja jioni, lori la posta lilisimama nje, Kamugisha akashuka peke yake. Alikuja kueleza kwamba amemkosa mwenyewe. Aliingia mpaka kwenye pazia na, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akaanza kwa kumwamkia mgonjwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema mama. "Marahaba. Umechelewa, lakini marahaba. Radhi yangu unayo."

Kamugisha alisimama pale jasho linamtoka. Hakumwambia kwamba yeye siye. Mama alimwomba asogee, akampapasa mkono, akasema mikono imekuwa safi siku hizi. Baada ya hapo hakuuliza tena habari za magari.

Salehe alisikiliza yote hayo akiwa amesimama, kofia mkononi.

Mjini habari ilikuwa imekwisha kupata sura yake. Watu walimshika Salehe mkono, wakasema, pole, watani wamekuponza. Mzee mmoja wa msikitini alimwita Malimi mbele ya benchi zima, akamwambia kwamba utani una mipaka, kwamba mtu anayechezea kifo cha mama wa mwenzake ndiye aliyemnyima marehemu kumwona mwanawe, na asidhani Mungu hakuona. Malimi alisikiliza ameinamisha kichwa. Mara moja aliinua macho kumtazama Salehe, kama anayengoja mtu amsaidie kubeba kitu. Salehe alikuwa anatazama kucha zake.

"Nimekosa," alisema Malimi. Alivaa miwani yake akaondoka, na hakuonekana tena kwenye matanga yale.

Siku ya tatu, walipoanua tanga, Chenge alikuja kufanya kazi yake. Mzaramo hazikwi bila mtani, na Chenge aliijua sheria. Aliingia chumbani akatoka amejifunga khanga ya marehemu juu ya lile tumbo, kichwa amekitanda, sinia mikononi kama usukani. Alizunguka ua mzima akinguruma.

"Nipisheni! Nipisheni!" alipiga kelele kwa sauti ya bibi kizee. "Nakwenda Musoma kumfuata mwanangu! Nimemwita aje anione nikifa, kasema nisubili, ana lesi ya magali! Haya, nimesubili! Salehe, umekuwa wa ngapi, baba? Wa tatu? Wa tatu! Ningejua ni wa tatu nisingekufa, ningengojea ya mwakani!"

Wanawake walicheka huku wakifuta machozi, wanaume wakapigapiga mapaja. Ni lazima kucheka, kucheka ndiko kunakotoa msiba nje. Salehe alicheka pia. Alitoa jogoo, akampa Chenge, na Chenge akamvua marehemu, yaani alivua ile khanga, akaikunja vizuri, akamkabidhi Sihaba, na hapo akawa mtu mzima tena, akakaa kula pilau.

Sihaba hakucheka. Alipokea khanga akaiweka begani.

Watu walipotawanyika, jua bado liko juu, kaka na dada walibaki uani kuosha masufuria ya kuazima. Sihaba alisugua, Salehe akamwaga maji. Sihaba hakuwa mtu wa maswali. Hakumwuliza habari za Musoma, wala za lile gari, wala za Malimi, ambaye jana yake alisikika ameomba ahamishwe Shinyanga. Aliinamisha sufuria, maji yakatoka yote, akalifunika juu ya jiwe likauke. Ndipo alipomgeukia.

"Kaka. Malimi alipokupa neno la mama, ulidhani ni utani?"

Salehe aliweka ndoo chini.

"Hapana," alisema. "Nilijua ni kweli."